Kabla hujanunua dawa ya "kuyeyusha uvimbe"

Minada ya korosho ikianza na pesa zikiingia kwenye akaunti za wakulima, Tandahimba na Newala hujaa wageni. Wapo wauza pikipiki, wauza magodoro, na lile gari lenye spika linalotangaza dawa ya kansa, kisukari, presha na nguvu za kiume, yote chupa moja. Kabla hujalisogelea, soma haya.

Jua kwanza unaumwa nini. Kansa haithibitishwi kwa kushika chuma kilichounganishwa na kompyuta, eti kimekusoma mwili mzima. Kansa ya uvimbe huthibitishwa kwa kukata kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe wenyewe, na kukipeleka maabara. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya hospitali ya Ligula ya Mtwara, Sokoine ya Lindi au Ndanda. Ikibidi utapelekwa Ocean Road, hospitali ya kansa iliyoko Dar. Majibu yakitoka omba nakala, uitunze kama hati ya shamba. Wengi wanaosimama kutoa ushuhuda kwamba walipona kansa, ukiwauliza kinyama kilipimwa wapi, wanabaki kukutazama.

"Ni ya asili" siyo "ni salama". Mtu wa kusini hahitaji kufundishwa hili, maana mhogo mchungu ni wa asili na umewahi kuua. Sumu yake, sayanidi, ndiyo hiyo hiyo inayotokana na mbegu za aprikoti zinazouzwa kwa jina la "vitamini B17". Majani ya stafeli yamejaribiwa kwenye seli za kansa maabara yakaziua, lakini hata spiriti ya kidonda ingeziua seli hizo. Kwa binadamu hayajathibitishwa kutibu kansa, na watafiti wa kisiwa cha Guadeloupe wamehusisha ulaji mwingi wa stafeli na ugonjwa wa ubongo unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka.

Sidharau miti. Lile ua la Madagaska linalopandwa kwenye nyua za pwani ndilo lililotoa vinkristini, dawa ya kansa ya damu. Lakini hiyo husafishwa, hupimwa kwa miligramu na kuchomwa kwenye mshipa. Wewe ukichemsha majani yake sufuriani, unakunywa sumu isiyo na kipimo.

Cheti ukutani? Usajili wa mganga kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ni jambo jema, ila unamtambua yeye. Hausemi kwamba chupa yake inaponya kansa.

Sasa lililo kubwa. Kabla ya kijiko cha kwanza muulize muuzaji: nitajuaje kuwa dawa yako imeshindwa, na lini? Jibu liandikwe, watu wa nyumbani wakisikia.

Mama yangu mdogo, huko Newala, alikuwa na uvimbe kwenye titi, mdogo kama punje ya korosho. Haukuuma, na kutouma ndiko kulikomponza. Hospitali walitaka kinyama. Jirani akamwambia kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Akanunua dawa ya kunywa na ya kupaka kwa pesa za mnada. Uvimbe ukakua, muuzaji akasema dawa inaukusanya. Ngozi ikavutwa ndani, akasema mizizi inang'oka. Titi likapasuka, nyumba nzima ikanuka, naye akasema, "Mama, mshukuru Mungu, sumu inatoka," akamwongezea chupa. Alipokonda, kosa likawa lake: amevunja mwiko, amekula samaki.

Kila hatua ya ugonjwa ilishapewa jina zuri. Hapakuwa na dalili hata moja ambayo yule bwana angeikubali kuwa ya kushindwa, kwa hiyo haikuwepo siku ambayo mgonjwa angeambiwa, "Sasa kimbia hospitali." Alipofikishwa Dar, kansa ilikuwa kwenye mapafu. Alipewa mofini, angalau akalala usiku. Muuzaji alipiga simu tukiwa msibani, anadai salio.

Na si yeye peke yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia watu wenye kansa ambayo bado haijasambaa. Waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara 2.5 zaidi ya waliotibiwa hospitali. Kwa kansa ya titi, zaidi ya mara 5.

Ukiwa kwenye matibabu, mtajie daktari kila unachokunywa, hata kama ataguna. Vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza kutoka damu wakati wa upasuaji, na juisi ya balungi hubadilisha kiwango cha baadhi ya dawa mwilini.

Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Angalau Babu alitoza shilingi 500. Hawa wa leo wanataka gunia zima la korosho.

Mengine unayajua. Usitume pesa kwa simu kwa mtu usiyemjua anakokaa. Usipokee chupa isiyo na maandishi kwa kondakta wa basi. Anayekukataza kumwambia daktari, mkatae. Anayedai dozi igawanywe mara tatu na ya tatu ndiyo ghali, mkatae pia. Na uvimbe wowote, uume usiume, titini, shingoni, kwapani, au damu inayotoka baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, nenda ukaonwe wiki hii hii, hata kama korosho bado ziko juani.