Sola kwa duka la vinywaji Dodoma: piga hesabu kabla ya kununua

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, na treni ya SGR kufika mwaka 2024, mji umetanuka kuelekea Ihumwa na Mtumba. Soda baridi huko inauzika. Ila kama nguzo ya TANESCO iko jirani, vuta umeme: duka la mfano huu hutumia uniti 1.4 kwa siku, shilingi mia kadhaa tu. Sola inalipa pale unaposhindanisha na jenereta ya petroli.

Anza na matumizi ya siku. Friji ndogo wati-saa 1,000 (yaani uniti moja), taa nne za wati 9 kwa saa tano 180, kuchaji simu 200: jumla 1,380. Namba ya friji usiisome kwenye kibandiko. Ipime, maana joto la Oktoba na mlango unaofunguliwa kila dakika havimo humo. Gawa kwa 0.7 kufidia joto, vumbi na upotevu wa nyaya: karibu 2,000. Gawa tena kwa saa 5 za jua kali: wati 400. Funga paneli mbili za wati 250, kwani Januari kuna mawingu.

Betri ya lithiamu ya volti 12.8, ampia-saa 100, inavusha usiku mmoja. Ya asidi iwe 200. Hiyo ya asidi ukiishusha chini ya nusu ya chaji kila siku inakufa mapema. Chaja kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, iwe ya aina ya MPPT, inayovuna umeme mwingi zaidi wa paneli, ya ampia 40.

Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo, iwe ya wimbi safi (pure sine wave), wati 1,000, kwa sababu friji ya wati 120 inaweza kuvuta mara tano au zaidi inapoanza. Inveta ikizima hapo, betri ndiyo hulaumiwa, wakati mara nyingi kosa ni waya mwembamba. Toka betri hadi inveta weka waya wa milimita za mraba 35, usiozidi mita moja, na fyuzi ya ampia 125 jirani na betri.

Paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, zikiachana na bati sentimita 15 hewa ipite. Zikilalia bati, joto hula zaidi ya asilimia kumi ya umeme.

Mei hadi Novemba futa vumbi kila wiki, alfajiri. Kioo cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe, kwa hiyo kausha kwa kitambaa laini.