Kaunta ya zege: sinki linunuliwe kwanza

Unayejimwagia mwenyewe kaunta ya jikoni, nunua sinki kabla ya saruji. Ligeuze kifudifudi juu ya mbao za kumwagia zege, chora ukingo wake, kisha boksi la kuacha tundu la sinki likae sentimita 1 ndani ya mstari. Likikaa juu ya mstari wenyewe, sinki linatumbukia. Unene inchi 3. Nondo za mm 8 kila sentimita 15, zikiinuliwa sentimita 2 kutoka kwenye mbao. Ongeza moja mbele na moja nyuma ya tundu, maana nyufa huanzia kwenye kona zake. Kokoto za Mwanza ni imara kweli, chukua za nusu inchi. Mchanga wa ziwani chekecha, una makombe ya konokono. Changanya saruji, mchanga na kokoto 1:2:3. Mwagilia siku 7, mirunda inayoshikilia mbao iondoke baada ya 14.