Rangi isivuje chini ya stensili

Jamani mnaotengeneza kadi kwa mkono, rangi ikivuja chini ya stensili (ile karatasi au plastiki iliyokatwa matundu ya maumbo) mara nyingi shida ni sponji imelowa sana, sio stensili yenyewe. Chovya kidogo tu, igongegonge kwenye karatasi chakavu mpaka ibaki karibu kavu, halafu gusagusa ukianzia juu ya stensili kuingia kwenye tundu, usipake kwa kuvuta maana ndo hapo rangi inapenya chini. Ukitaka ikolee subiri ikauke urudie, inatoka safi kabisa kuliko kujaza rangi mara moja. Muhuri nao bonyeza wima bila kuuchezesha. Rangi ya kung'aa mi naweka sehemu moja tu, kwenye ua au jina, inapendeza mno!