Kulinda Mtandao wa Shule za Serikali Katika Halmashauri

Shambulio la kimtandao la kudai fedha lililoikumba wilaya ya shule za umma ya Los Angeles, ya pili kwa ukubwa nchini Marekani, liligunduliwa usiku wa Jumamosi ya tarehe 3 Septemba 2022, ofisi zikiwa zimefungwa kwa mapumziko ya Siku ya Wafanyakazi. Wanafunzi na watumishi wote walilazimika kubadilisha nywila zao, na uongozi ulipokataa kulipa fedha zilizodaiwa, taarifa zilizoibwa zikamwagwa mtandaoni mwanzoni mwa Oktoba. Shule zetu za sekondari hazina mifumo mikubwa kama ile, lakini zina namba za mitihani, taarifa za afya za watoto na hesabu za fedha, na mara nyingi zote hupita katika kifaa kimoja, yaani ruta inayoiunganisha shule na intaneti, kilichowekwa juu ya kabati la mkuu wa shule.

Afisa TEHAMA wa halmashauri aanze na kifaa hicho kabla ya kuomba bajeti ya kitu chochote. Atembelee kila shule akiwa na daftari, aorodheshe ruta, swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta kwa nyaya), kompyuta na simu zinazounganishwa, kisha ajaribu kuingia kwenye ruta kwa nywila iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Katika shule moja niliyoikagua, nywila hiyo ilikuwa bado imeandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa, na ile ya Wi-Fi ya walimu ilikuwa ubaoni kwa chaki, pembeni ya ratiba ya zamu. Zote mbili zibadilishwe siku hiyo hiyo, programu ya ruta isasishwe, na uwezo wa kuisimamia kutoka nje ya shule uzimwe.

Hatua inayofuata ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, nayo ni kuutenganisha mtandao. Kompyuta za uhasibu na utawala zisikae pamoja na za maabara, wala simu za walimu na wageni zisikae na yoyote kati ya hizo, kwa sababu mwanafunzi mdadisi aliye kwenye mtandao mmoja na mhasibu hahitaji ujuzi mwingi ili aone mafaili yaliyoachwa wazi. Swichi yenye uwezo wa VLAN, yaani wa kuugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa isiyoonana, huifanya kazi hiyo bila kuongeza nyaya; pale isipokuwepo, hata ruta ya bei nafuu kwa kawaida ina mtandao wa wageni unaoweza kuwashwa kwa dakika chache. Baada ya kutenganisha, kaa kwenye kompyuta ya maabara ujaribu kuifikia ile ya mhasibu. Ukifanikiwa, bado hujatenganisha.

Suala la akaunti ni gumu zaidi, kwa kuwa linagusa mazoea ya watu. Ni kawaida kukuta mwalimu wa taaluma, katibu muhtasi na mwalimu wa kujitolea wakitumia akaunti moja ya mkuu wa shule kuingiza taarifa za wanafunzi, na mmoja wao akihamishwa, anaondoka na nywila kichwani. Kila mtu apewe akaunti yake yenye ruhusa za kazi yake tu, ifungwe siku anapohama, na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili kama msimbo wa kwenye simu, uwashwe kila mahali mfumo unapouruhusu. Kampuni ya PowerSchool, ambayo mifumo yake hutumiwa na shule nyingi za Amerika Kaskazini, ilivamiwa Desemba 2024 kupitia nywila iliyoibwa.

Kuhusu flashi, ambazo huweza kubeba virusi, marufuku haisaidii, maana mitihani lazima ipelekwe steshenari kuchapwa. Tenga kompyuta moja isiyounganishwa na mtandao kwa ajili ya kukagua flashi zinazorudi kutoka huko. Kompyuta zenye Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025, zihamishiwe Linux, mfumo endeshi wa bure, iwapo haziwezi kupokea toleo jipya.

Nakala rudufu ya taarifa muhimu iwekwe kwenye diski inayochomolewa baada ya kunakili na kufungiwa kwenye sefu, kwani diski iliyoachwa imechomekwa itaharibiwa pamoja na kompyuta siku ya shambulio. Kila muhula, rejesha faili moja ili kuhakikisha nakala inafunguka. Shule inapofungwa Desemba, maabara izimwe yote.

Ikitokea kompyuta ikaonyesha ujumbe wa kudai fedha, chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi, usifute chochote, piga picha ya skrini kwa simu, kisha mpigie afisa TEHAMA, ili pamoja na mambo mengine Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ijulishwe kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotaka. Namba ya afisa huyo ibandikwe ukutani kando ya swichi. Ikihifadhiwa ndani ya kompyuta tu, siku hiyo haitaonekana.