Somo: Kuvua perege kwa ndoano Mtera, kiangazi na mvua

Wengi wanaotoka Dodoma mjini kwenda Mtera Jumamosi wakirudi mikono mitupu husingizia mwezi. Tazameni maji kwanza. Bwawa la Mtera likijaa husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na linaweza kushushwa hadi 690, maana maji yake huzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na kisha ya Kidatu. Ufukwe ni bapa, hivyo maji yakishuka kidogo tu, pale ulipovulia mwezi jana pameshakuwa malisho ya mbuzi.

1. Kata leseni ya uvuvi halmashauri. Chukua ndoano ndogo kwa sababu perege ana mdomo mdogo, mshipi mwembamba, chubwi dogo la kuzamisha chambo, na boya la kipande cha kandambili.

2. Juni hadi Agosti kuna baridi na upepo, na perege ni mzito kula. Usijisumbue kabla jua halijapanda. Chambo ni nyungunyungu, au ugali uliokandwa ukashikana.

3. Septemba hadi Novemba maji yamepungua na samaki wamerundikana. Ni rahisi kuvua, na ndiyo sababu kokoro, ule wavu wa kukokota, huharibu zaidi wakati huu: linakomba mpaka vifaranga. Ni haramu, na ukiliona toa taarifa.

4. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka. Hapo ndipo ninapopapenda. Toa chubwi, toa boya, tunga kumbikumbi mmoja na mbawa zake, umwache aelee juu ya maji. Usivute. Wazungu hukaa mezani wakifunga manyoya na nyuzi kutengeneza mdudu wa kuvulia trauti, samaki wa mito ya baridi. Sisi wetu huja wenyewe kwenye taa.

5. Januari hadi Aprili, maji yakipanda, nyasi zilizoota ufukweni hufunikwa na perege huingia humo kula. Ukiona visahani vilivyochimbwa kwenye mchanga, ni viota, na dume yuko hapo analinda. Sogea mbali. Jike huatamia mayai kinywani, kwa hiyo ukimnasa mdomo umetuna, mfungue akiwa bado majini umwachie. Akiyatema nchi kavu, kizazi kizima kimekwisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, na kambale je?
Mvulie usiku, chambo kikae chini kabisa. Utumbo wa kuku anaupenda. Ana uwezo wa kuvuta hewa, hivyo hafi haraka ndooni, funika ndoo.

Shikamoo mwalimu. Naweza kuingia majini hadi kiunoni kama wale wa kwenye video?
Marahaba, mwanangu. Usithubutu. Mito yao ya trauti haina mamba wala kiboko, Mtera wapo wote wawili. Vulia nchi kavu, na jioni usikae kwenye njia ya viboko.

Kaka, Mtera ni mbali. Hombolo inafaa?
Inafaa. Bwawa lile ni la 1957 na limejaa tope. Maji yakichafuka samaki hutegemea zaidi kunusa, kwa hiyo kumbikumbi muweke pembeni, tumia nyungunyungu.