SOMO: Kuandika kurasa za tovuti zinazoonekana Google bila kukopi kwa mtu

Wadau, habari za jioni. Swali la "nimefungua tovuti, mbona sionekani Google" nimelijibu kwa meseji mpaka nimechoka, na jibu ni lilelile kila mara. Leo naliweka lote hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia somo hili. Mifano ni ya huku kwetu Tanga na Bagamoyo, lakini hata anayeuza mbao Mafinga atapata chake.

Hatua ya 1. Fungua WhatsApp ya biashara yako, uyanakili maswali ya wateja kama walivyoyaandika wenyewe. Mteja hatafuti "huduma bora za malazi zenye hadhi ya kipekee". Anaandika "chumba cha AC Bagamoyo bei gani" au "Kaole unafikaje kutoka Dar bila gari". Hayo ndiyo maneno yako ya utafutaji, na umeshaletewa bure.

Hatua ya 2. Ukurasa mmoja ujibu swali moja kubwa.

Hatua ya 3. Jibu likae juu: bei, mahali, saa za kazi. Historia ya kampuni iende chini.

Hatua ya 4. Andika ulichokiona na kukifanya mwenyewe. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo kurasa nyingi ninazoletewa kurekebisha zinapokuwa zimeharibika. Tafuta mapango ya Amboni uone: kila ukurasa unakwambia ni mapango ya chokaa, kilomita 8 hivi kaskazini mwa jiji la Tanga, upande wa barabara ya Horohoro. Ni kweli, ila Google inayo tayari kwa mamia ya watu, haina sababu ya kukutanguliza wewe. Mtu wa Arusha anayetaka kuja na mama yake mzee anatafuta kingine. Ndani kuna giza totoro, kuna mahali pa kuinama, kuna popo. Mama ataweza? Avae viatu gani? Aliyeingia mle anayajua haya, na aliyekopi hayajui. Desemba 2022 Google iliongeza "uzoefu" kwenye vigezo wanavyofuata wakaguzi wake wa ubora, pamoja na utaalamu, mamlaka na uaminifu. Wakaguzi hao hawapangi nafasi ya ukurasa wako moja kwa moja, lakini vigezo vyao vinaonyesha Google inataka kufika wapi.

Maonyo ya hatua hii, tafadhali yasomeni yote:
Usichukue makala ya mwenzio ukabadilisha maneno mawili matatu.
Usitafsiri ukurasa wa Kiingereza kwa mashine ukaubandika bila kuupitia. Msomaji anagundua kwenye sentensi ya kwanza, anaondoka.
Usirundike: "hoteli Bagamoyo, hoteli nzuri Bagamoyo, hoteli nafuu Bagamoyo" katika aya moja. Google inalihesabu hilo kuwa udanganyifu.
Usijiandikie maoni ya wateja. Kabisa.

Hatua ya 5. Kichwa cha ukurasa kiseme kilichomo. "Mwanzo" au "Karibu sana" hakimwambii mtu kitu. "Vyumba vya AC karibu na Mji Mkongwe Bagamoyo: bei na picha" kinamwambia.

Hatua ya 6. Unganisha kurasa zako kwa viungo (linki za kubofya), ule wa vyumba umpeleke mtu kwenye ule wa usafiri.

Hatua ya 7. Sajili tovuti kwenye Google Search Console, ni bure. Itakuonyesha watu walitafuta maneno gani ukatokea, na wangapi walibofya. Ukikuta swali ambalo hujalijibu, liandikie. Kisha uwe na subira, mabadiliko huchukua wiki, wakati mwingine miezi.

MASWALI YA WADAU

Mwenye lodge, Bagamoyo: Mkuu somo refu. Nipe tu maneno 20 ya hoteli niyaweke.
Mtoa somo: Hatua ya 1.

Mwenye lodge, Bagamoyo: Namaanisha yale ya kuficha ndani ya msimbo (code) wa tovuti, kwenye orodha ya maneno muhimu.
Mtoa somo: Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba orodha hiyo haiitumii kupanga matokeo. Hatua ya 1, ndugu yangu.

Muuza machungwa, Muheza: Shikamoo. Nauza machungwa kwa jumla. Niandike Kiswahili au Kiingereza?
Mtoa somo: Marahaba mwanangu, swali zuri. Angalia nani anakupigia simu. Kama ni madalali wa Dar, andika Kiswahili chao: "machungwa ya Muheza bei ya jumla". Eleza msimu unaanza lini shambani kwako, tenga linabeba mangapi, lori kubwa linafika wapi na nani analipia upakiaji. Ukipata wanunuzi wa nje, fungua ukurasa wa pili wa Kiingereza wenye anwani yake ya mtandaoni, uuandike upya kwa ajili yao, usichanganye lugha nusu kwa nusu. Na msimu ukiisha usifute ukurasa. Mwakani badilisha bei na tarehe palepale, maana ile anwani ndiyo iliyokwisha kujulikana na Google na watu wameshatumiana. Ukikwama niandikie, nitaupitia.

Mdau, Ngamiani: Maneno mengi tu. Mshindani wangu kakopi kila kitu na yuko juu yangu.
Mtoa somo: Sijaandika popote kwamba kila aliyekopi anashushwa siku hiyohiyo. Tovuti yake inaweza kuwa ya zamani au ina viungo vingi kutoka kwingine. Ukurasa wako una nini ambacho wake hauna? Kama huna jibu, anza hapo.

Mwanafunzi, Chumbageni: Na akili bandia? Inaruhusiwa?
Mtoa somo: Google haikatazi chombo. Sera yake ya Machi 2024 inapiga vita kuzalisha kurasa kwa wingi zisizomsaidia mtu ili kupanda tu, ziwe za mashine au za binadamu. Itumie kupanga hoja au kusahihisha tahajia. Lakini haijawahi kusimama sokoni Ngamiani, kwa hiyo bei na habari za pale uziandike wewe.

Mama wa mgahawa, Raskazone: Ukurasa wangu unafunguka polepole, wateja wanalalamika bando linaisha.
Mpiga picha, Tanga: Dada, ni picha hizo. Zipunguze ukubwa kabla ya kupakia, zinatoka kwenye simu zikiwa kubwa mno.
Mtoa somo: Ahsante kaka, kweli kabisa. Na faili usiliache na namba za kamera, liite "pweza-wa-nazi-raskazone". Jaza pia maelezo ya picha, asiyeona husomewa na simu yake.

Mama wa mgahawa, Raskazone: Ramadhani tunafungua jioni tu, ila Google Maps inasema tuko wazi mchana. Watu wanakuja wanakuta pamefungwa.
Mtoa somo: Ingia kwenye wasifu wa biashara yako wa Google, kuna sehemu ya saa maalumu. Weka tarehe za mfungo na saa za jioni, saa zako za kawaida hazitaguswa. Saa hizohizo ziandike na kwenye tovuti, pasiwe na tofauti.