Kabla Hujabandika Pedali Kwenye Ubao

Velkro, ule utepe wa kunasa wenye vikulabu, huwa ya kwanza kununuliwa, na ingefaa iwe ya mwisho kutumika. Nimejifunza hilo kwa aibu. Tulikuwa tunavuka kwenda Nansio, Ukerewe, kupiga kwenye harusi, na mimi saa mbili usiku wa kuamkia safari ndiyo kwanza nabandika pedali sita za gitaa, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti, kwenye ubao mpya. Asubuhi begi likasafiri limesimamishwa katikati ya mizigo. Nilipolifungua ukumbini, dilei, ile ya kurudiarudia sauti, ilikuwa imebanduka, inaning'inia kwenye kebo yake kama sato kwenye ndoana. Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa natafuta gundi.

Siku hizi mtu akiniambia anataka kupanga bodi yake, yaani ubao wa pedali, namuuliza kwanza habari za umeme. Rangi ya ubao na mpangilio wa pedali vitasubiri. Geuza kila pedali usome maandishi ya chini au ya pembeni ya tundu la adapta. Nyingi zinataka volti 9 za DC, hasi ikiwa katikati ya plagi na chanya nje. Zipo za volti 12 na 18, na zipo fazi za kizamani (pedali za kuchafua sauti kwa mkwaruzo mzito) ambazo polariti yake, yaani hasi na chanya, imegeuzwa. Ukiichomeka moja ya hizo kwenye waya mmoja wa matawi, ule unaogawa umeme wa adapta moja kwa pedali kadhaa, pamoja na wenzake, umetengeneza shoti. Volti lazima zilingane. Miliampia za adapta zinaweza kuzidi bila madhara, kwa sababu pedali huvuta kiasi inachohitaji tu. Zikipungua ndipo sauti inaanza kukwaruza au pedali inazimika katikati ya wimbo.

Chukua kalamu ujumlishe. Tyuna yangu (ya kupimia noti) inakula miliampia 30, ovadraivu (ya kuchafua sauti kidogo) 10, korasi (ya kuinenepesha) 20, dilei 65, riverbu (ya mwangwi wa ukumbi) 95. Hapo ni 220. Adapta ya 500 inatosha na inabaki na nafasi. Ila kutosha kwa hesabu hakuondoi kelele. Pedali za kidijitali zikila sahani moja na za analogi kwenye waya wa matawi, mara nyingi utasikia mlio mwembamba kama mbu, hasa ukiwasha ovadraivu. Dawa yake ni pawasaplai, kisanduku cha kugawa umeme, ambayo kila tundu limetengwa na jingine. Ni ghali, najua. Mwenye bajeti ndogo aache za analogi kwenye waya wa matawi na azipe za kidijitali adapta yake. Kelele itapungua sana.

Kuna mtego mwingine kwa sisi tunaonunua vifaa vya mtumba. Pedali iliyotoka Japani ikija na adapta yake, ujue kule umeme wa nyumbani ni volti 100, na Marekani ni 120. Hapa kwetu ni 230. Adapta iliyoandikwa 100–240 haina tatizo, chomeka. Iliyoandikwa 100 peke yake, usiijaribu hata kwa sekunde moja. Na kwa kuwa shoo za pembezoni mara nyingi zinategemea jenereta, weka kinga ya umeme kati ya soketi na bodi. Mwendesha jenereta akiongeza mafuta huku bendi inapiga, umeme unapanda na kushuka, na pedali hazina uvumilivu huo.

Baada ya umeme, panga sakafuni na upige. Mpangilio unaojulikana ni tyuna, wawa (ya kuyumbisha sauti kwa mguu), kompresa (ya kusawazisha ukubwa wa sauti), ovadraivu au distoshoni, korasi na jamaa zake, dilei, kisha riverbu. Mantiki yake ni kwamba ukiuchafua mwangwi kwa distoshoni unapata uji, lakini ukiipa mwangwi sauti iliyokwisha kuchafuliwa, kila noti inasikika. Mpiga solo wa sebene anayetaka gitaa linalong'aa kama maji ya saa nne asubuhi ataridhika na kompresa, korasi na dilei kidogo, na pengine ovadraivu haitaiona miguu yake usiku kucha. Kama una fazi ya kizamani, ikae ya kwanza kabisa, hata kabla ya tyuna. Haielewani na pedali zenye bafa, saketi ya kuimarisha sauti, zikitangulia mbele yake. Zaidi ya hapo sheria ni chache. Piga wiki nzima zikiwa sakafuni, mazoezini na kanisani, na uangalie ni ipi unayoikanyaga kila mara na ipi inakaa tu kama mgeni. Ile ya kila mara iwe mbele, karibu na mguu wako. Ya kuwashwa mara moja na kuachwa ipande safu ya nyuma.

Kumbuka pia kwamba pedali nyingi huingiza sauti upande wa kulia na kuitoa kushoto. Kwa hiyo gitaa linaingia kulia kwako na ampli inakaa kushoto. Wengi wanapanga kama wanavyosoma, kushoto kwenda kulia, halafu wanashangaa kebo zinapishana kama nyavu zilizosokotana.

Sasa ndipo upime ubao. Mimi hutumia karatasi ya manila. Naweka pedali juu yake, nachora kwa penseli, nakata, naandika jina. Pedali ndogo za Boss, kwa mfano, zina upana wa karibu milimita 73 na urefu wa 129. Halafu nachora na jeki zake, yaani plagi za kebo za sauti, maana hapo ndipo watu wengi tunapoliwa. Jeki iliyonyooka inahitaji karibu sentimita 4 au zaidi nje ya pedali. Iliyopinda na kuwa bapa inahitaji kama 2, na ukizipishanisha, moja juu kidogo na nyingine chini, pedali mbili zinaweza kukaa na sentimita 3 tu kati yake. Pedali sita kwa safu moja ni sentimita 44, ongeza nafasi tano za 3, unafika 59, bado jeki za mwisho pande mbili. Safu mbili za tatu tatu zinaingia kwenye ubao wa 40 kwa 34 bila kubanana. Acha na nafasi ya pedali moja zaidi. Utainunua, usijidanganye.

Ubao wenyewe si lazima utoke nje ya nchi. Plaiwudi ya milimita 12 inatosha, au mbao nyembamba zenye nafasi kati yake ili kebo zishuke chini. Fundi niliyempelekea kazi yangu kule Igoma, Mwanza, aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Kaka, hiki ni kichanja cha dagaa?"

"Hapana fundi, ni cha gitaa."

"Gitaa linaanikwa?"

Alikifanya vizuri lakini, na alinipa wazo ambalo sikuwa nalo: miguu ya nyuma ya sentimita 8 na ya mbele ya 3, ili kilalie kwenye mteremko. Safu ya nyuma inafikika bila kukanyaga vitufe vya safu ya mbele, na pawasaplai inaingia chini ya upande uliopanda. Mafundi wa madirisha ya aluminiamu nao wana mabaki ya vipande vinavyofaa, vyepesi kuliko mbao. Uzito ufikirie mapema: pedali sita zina karibu kilo mbili na nusu, weka ubao, pawasaplai na begi, na hilo ndilo utakalolipakata kwenye bodaboda kupanda vilima vya jiji hili la miamba.

Waya za umeme zipite upande mmoja, kebo za sauti upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatane kama barabara za njia panda, zisilale sambamba. Wawa ikae mbali na pawasaplai yenye transfoma, maana koili iliyomo ndani yake hudaka mvumo. Zijaribu zote zikiwa zimewashwa, huku ukitikisa kila jeki kwa kidole. Inayokatakata leo chumbani haitapona ukifika jukwaani.

Huku ziwani lipo na suala la unyevu na wadudu. Kwenye kumbi za ufukweni, jioni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaijia taa kwa maelfu, na taa ndogo za pedali nazo ni taa. Kipande cha khanga cha kufunika bodi kati ya zamu na zamu kinaokoa vitufe visianze kukoroma.

Mwisho ndiyo velkro. Upande laini uende kwenye ubao, wenye vikulabu uende chini ya pedali. Ng'oa kwanza raba ya chini kama inang'oka, maana gundi haishiki vizuri kwenye raba, na uihifadhi pamoja na karatasi ya namba ya kifaa kwa ajili ya siku utakayouza. Futa mafuta kwa spiriti, acha pakauke, bandika, kandamiza kwa dole gumba kuanzia katikati kwenda kingo. Halafu usiiguse. Gundi ile inahitaji kama saa 24 kushika sawasawa, kwa hiyo kama meli ya Nansio inaondoka Jumamosi asubuhi, iwe imebandikwa si zaidi ya Alhamisi usiku, na Ijumaa upige gitaa kavu.